Uzi wa Fundi na Lango la Chuo

Fundi alikuwa akitia mafuta cherehani yake alipoona kwamba chuo hakipo. Jana yake kilikuwa ng'ambo ya barabara, na lango lake jeusi na bustani yake ya kujionyesha. Sasa palikuwa na uwanja mtupu, na mlinzi mmoja aliyesahauliwa, ameketi juu ya ndoo akinywa chai. Fundi akamuuliza kulikoni. Mlinzi akamweleza kwamba ada imepanda, hivyo chuo kimesogea nyuma ya kiwanda cha sabuni.

Fundi akashusha pumzi. Kibanda hiki alikipanga binti yake angali ananyonya, ili siku ikifika mtoto avuke barabara tu. Tangu hapo kila shati alilolishona lilipeleka chochote benki. Sasa binti amefaulu, anataka kusomea udaktari wa mifugo, na pesa zimetimia. Zilikuwa zimetimia kwa ada ya jana.

Hakuwa mtu wa kulialia. Akajitwika cherehani, binti akabeba meza, wakahamia nyuma ya kiwanda cha sabuni. Akashona hadi pengo likazibika. Asubuhi ya kwenda kulipa, chuo kikawa kimeshavuka reli. Fundi viatu wa pale, baba wa vijana wawili, alisema bila kuinua macho kwamba ndivyo kilivyo, huondoka alfajiri kabla dirisha la malipo halijafunguliwa. Yeye alishakifuata mpaka magoti yakamkataa.

Hapo Fundi akaudhika, akaudhika kwelikweli. Akavuka reli na mzigo wake, na jioni ile akachukua uzi wa kushonea maturubai, ncha moja akaifunga langoni, nyingine kwenye mguu wa cherehani. Mlinzi, ambaye naye alishakifikia chuo, alikuja kukagua. Akatafakari, akasema kibao kinakataza mbwa, baiskeli na wauza karanga. Uzi hakikuutaja.

Ada ilipopanda tena, chuo kikaondoka polepole, kama mtu mwenye viatu vipya. Cherehani ikafuata, na Fundi kitini mwake akiendelea kupinda suruali ya mteja. Binti alitembea kando, ameshika pasi ya mkaa isimwagike. Kila mtaa waliopita ulikuwa na zipu iliyokatika au sketi iliyobana, na Fundi hakupoteza tena siku ya kazi kwa kuhama. Mhasibu wa chuo mwenyewe alileta suruali zake zipanuliwe kiuno. Alilipa vizuri, hilo lazima lisemwe.

Ndiyo maana siku moja dirisha la malipo lilipofunguliwa, binti alikuwa amesimama mbele yake, na pesa zote mkononi.

"Mmewahi," mhasibu akasema. "Huwa hafiki mtu."

"Hatukuwahi," Fundi akajibu. "Tumejifunga nacho."

Asubuhi ya somo la kwanza ada ikapanda, chuo kikaanza kuondoka. Safari hii binti alikuwa ndani, kwenye benchi la dirishani. Fundi alitoa mkasi akate uzi, maana lake limekwisha, na moyo wake ulikuwa mweupe. Ndipo akamwona fundi viatu akija mbio, sanduku kichwani, vijana wake wakimsukuma mgongoni.

Akaurudisha mkasi mfukoni. Akalifunga sanduku la fundi viatu kwenye kiti chake. Muuza mkaa akafunga mkokoteni wake kwenye sanduku, muosha magari akafunga ndoo zake kwenye mkokoteni, na hadi adhuhuri mkia wa msafara ulikuwa bado haujavuka reli. Chuo hakikupunguza mwendo. Wala hakikuongeza.

Binti akatoa kichwa dirishani.

"Mama, wanataka kila mtu awe na koti jeupe."

Fundi akamwambia kitambaa anacho, wakisimama ashuke apimwe. Kisha akageuka, akamuuliza fundi viatu vijana wake huvaa saizi gani.