Jembe la Mgeni

Mtu akiletwa na ziwa, hana jina wala wa kumlilia, watu wa ufukwe ule humwita mgeni. Humzika mteremkoni, juu ya maegesho ya mitumbwi. Na kwa kuwa mgeni ni siku mbili, ya tatu humwekea jembe kuukuu kaburini. Tangu hapo ana kazi: anayemfagilia kaburi ndiye anayemtuma.

Asteria alikuwa na mgeni wake. Alimfagilia kila Jumamosi, mtoto mgongoni, kiuno kikimuuma, na alimtuma jambo moja tu: amtafute mumewe Meshack, aliyezama asionekane tena, asimwache huko peke yake.

Masika yale mvua ilikuwa inamla mgeni. Udongo wa kaburi uliteremka kuelekea majini. Asteria akiupandisha kwa karai, mvua inaushusha. Alichoka hata kulalamika akaacha.

Jumamosi moja akamkuta mama mtu mzima ameketi kando ya kaburi, rozari shingoni, viatu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi Luisa, natoka Litembo, kule milimani. Kijana wangu Pankras alishuka huku kununua dagaa wa usipa, mtumbwi ukapinduka. Nasikia huyu aliokotwa siku zilezile."

"Aliokotwa uso haupo, mama. Hakuna aliyemtambua."

"Hata mimi simtambui. Ila nimechoka kuzunguka. Acha awe huyu."

Asteria akalitazama jembe. Mwenye mama si mgeni tena, na mwenye kwao hashiki jembe la ugenini. Nani basi angemtafuta Meshack?

"Huyu wangu ni Mwanglikana," akaropoka.

"Amekuambia?"

Kicheko kikamponyoka Asteria, kikageuka kilio. Akaeleza yote, habari za jembe na za Meshack, huku akimtikisatikisa mtoto aliyeanza kulia naye.

Luisa aliinuka. Akatazama udongo ulivyokatika, kisha akaliokota jembe. Asteria akafumba macho. Basi tena. Mara akasikia jembe likipiga ardhi. Alipofumbua, mama yule alikuwa analima upande wa juu wa kaburi.

Notburga, jirani aliyekuwa akianika usipa kule chini, akapaza sauti: "We mama wa milimani! Hapa tunazika, hatupandi maharage!"

"Panda wewe uje ulete nyasi, badala ya kupiga kelele! Kwetu mashamba yamesimama kama ukuta, na udongo hauendi popote."

Nyasi zikaja. Wakazilaza kwa miraba, Luisa akazifunika udongo, katikati yakabaki mashimo: ngoro za kwao Umatengoni, za kukamata maji. Hawajamaliza, mvua ikashuka. Wakajibanza chini ya turubai la Notburga, wakatazama. Maji yalikuja kwa fujo, yakaingia mashimoni, yakatulia. Kaburi halikusogea.

Ilipopungua, Luisa akalifuta jembe kwa khanga yake, akalirudisha mahali pake.

"Mama, si amekuwa mwanao sasa?"

"Ni mwanangu, ndiyo. Kwani mwanangu ni mvivu? Nikimkuta siku moja ameketi bure, nitaona aibu. Amtafute huyo Meshack wako."

Asteria akauokota ufagio wake wa Jumamosi. Akamkabidhi.

"Anza kichwani, mama. Mimi nitamalizia miguuni."