Klachi ya Mama Gia

Mama Gia alilisikia gari lake kabla hajaliona, na hakulitambua. Teksi iliyomleta kutoka stendi ilikuwa inakata kona ya mwisho wakati mngurumo ulipotoka nyuma ya geti lake, mngurumo wa kutia meno ganzi, hata dereva wa teksi akapunguza mwendo akidhani kuna lori linatoka. Hakukuwa na lori. Kulikuwa na gari lake la rangi ya maziwa, la miaka ishirini na tano, lile refu lenye nafasi ya mizigo nyuma, alilolinunua kwa kiinua mgongo siku alipoacha kuendesha malori ya kampuni. Alikuwa ameliacha likiwa kimya na lenye adabu zake. Na hakuwa ameondoka mwaka mzima, ilikuwa miezi minne tu.

Miezi hiyo minne alikuwa kwa binti yake mkubwa, mji mwingine, kutibiwa goti la kushoto. Goti lililiwa na miaka ishirini na miwili ya kukanyaga klachi za malori. Daktari alilipasua, akalitengeneza, akasema litapona likitumiwa. Basi akalitumia. Kila asubuhi alipanda na kushuka ngazi za ghorofa analokaa binti yake, naye binti amemshika kiwiko anamwambia, "Jitahidi mama, utarudi barabarani." Alijitahidi mpaka machozi yakamtoka. Huko barabarani kulikuwa na kazi yake: kila Jumanne na Ijumaa alichukua mayai kwa mfugaji wa kuku nje ya mji akayasambaza madukani. Leo ilikuwa Jumanne, na alikwishampigia mfugaji simu aweke trei hamsini tayari, alasiri angefika mwenyewe.

Mngurumo ukakatika, injini ikazimwa, na geti likafunguliwa na kitinda mimba wake. Huyu alikuwa kinyozi, mwanamume wa miaka thelathini na miwili, anayeishi chumba cha uani na kumaliza sukari ya mama yake. Mikono yake, ambayo siku zote ilinukia poda, leo ilikuwa nyeusi kwa oili mpaka viwikoni.

"Shikamoo mama. Karibu nyumbani. Hebu funga macho kwanza."

"Marahaba. Sifungi. Umeifanya nini gari yangu?"

Alikuwa amelinyoa. Hakuna neno jingine. Gari lilikuwa limeshuka chini hata mtu asingeweza kupitisha ngumi kati ya tairi na bodi. Bomba la moshi lilikuwa limeondolewa na pahali pake pametokea jingine, nene, linalong'aa. Chini ya boneti, pale palipokuwa na nafasi ya kuingiza mkono wote, palikuwa pamejaa mabomba ya raba nyekundu yakizunguka kidude cha chuma chenye umbo la konokono.

"Hiyo ndiyo tabo," mwanawe akasema. "Inasukuma hewa kwenye injini. Mama, gari ilikuwa inakohoa kwenye kilima. Sasa inakimeza. Springi mpya, ngumu, fupi. Na usidhani nimepeleka gereji. Kila nati nimekaza mwenyewe, hapa hapa uani, naangalia video kwenye simu."

Mama Gia akainama kadiri goti lilivyomruhusu, akatazama. Kazi ilikuwa safi. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Mabomba yalikuwa yamefungwa yakafungika, nyaya zimepangwa, hakuna tone la oili lililovuja. Kijana ambaye tangu utoto alikuwa akiitwa kuja kushika tochi akajificha chooni, kumbe fundi. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, hawakutuambia kwamba atanyoa gari la mama yake aliyekwenda kutibiwa.

"Springi ngumu," akasema taratibu. "Na mimi nabeba mayai."

Kinyozi akakuna shingo. Ilikuwa dhahiri kwamba mayai hayakuwamo kwenye video.

Mama Gia hakungoja jibu. Alifungua mlango, akajishusha kwenye kiti, akavuta mguu wa kushoto kwa mikono miwili mpaka ukakaa mahali pake, akauweka juu ya pedali ya klachi. Dakika hiyo ndiyo aliyoisubiri kwenye kila ngazi ya lile ghorofa. Akakanyaga.

Pedali haikwenda. Akajisogeza mbele, akashika usukani, akakanyaga tena kwa nguvu zake zote, ikashuka nusu na goti likamchoma mpaka akauma mdomo. Akaachia. Pedali ikamrudisha mguu kwa kishindo.

"Hii nini?"

"Klachi ya mashindano," kinyozi akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Injini ikiongezwa nguvu, klachi ya zamani inateleza. Lazima uweke yenye springi kali."

"Ya zamani iko wapi? Irudishe."

"Nilimpa mtu wa vyuma chakavu."

"Uliipima kwa mguu gani hii? Nakuuliza. Ulipoifunga ukaijaribu, ulikuwa unafikiria mguu wa nani?"

Kinyozi akasema neno ambalo angelimeza laiti angekuwa na akili kidogo. Akapigapiga kiti cha abiria na kusema, "Lakini mama, wewe si utakaa huku? Mimi nitakuendesha. Tulishakubaliana."

"Nani na nani?"

"Mimi na dada."

Damu ilimpanda Mama Gia mpaka masikio yakamlia. Akatoa simu kwenye mkoba, akampigia binti yake, akaweka sauti ya nje. Binti akapokea kwa furaha akauliza kama amefika salama.

"Nimefika. Hivi, mlikaa lini kikao cha kuninyang'anya usukani?"

Binti akaanza kuzungukazunguka: unajua mama, umri, unajua barabara za siku hizi, unajua sisi tunakupenda.

"Ulikuwa unanishika kiwiko," Mama Gia akasema. "Kila asubuhi. Nalia, na wewe unaniambia nitarudi barabarani. Ulikuwa umeshakubaliana na mdogo wako?"

"Mama, ilikuwa ni kukutia moyo ufanye mazoezi."

"Yaani kama anavyodanganywa mtoto ili ameze dawa."

Akakata simu. Akaitupa mkobani. Angeweza kumsamehe mwanawe kwa tabo, kwa springi, hata kwa zile kelele. Kijana kupenda mwendo si dhambi. Yeye mwenyewe enzi zake aliyapita mabasi kwenye miteremko akiimba. Kilichomkereketa ni kwamba watoto wake walikuwa wameshamzika nusu, ile nusu inayoendesha, wakagawana kazi: mmoja ambembeleze, mwingine afungue nati.

"Siku ile mguu ulipokugomea njia panda," kinyozi akasema, "nani alikutoa kwenye gari?"

"Wewe."

"Malori yanapiga honi pande zote, wewe umeinamia usukani. Nilidhani umekufa, mama. Sitaki kuja kukutoa tena."

Alisema kweli, macho yake yalionyesha, na Mama Gia aliliona hilo. Halikumpoza. "Ungekuja ukaniambia usoni," akasema. "Mama, naogopa. Maneno mawili tu. Tungegombana, nikakupa kofi, tukanywa chai. Wewe ukaona bora unifungie mlango kwa klachi. Pakia trei tupu nyuma."

"Tunakwenda wapi?"

"Ninakwenda kuchukua mayai."

"Utaikanyagaje?"

"Nimekwambia ukanyage wewe? Pakia."

Kinyozi akapakia, kwa kuwa kulikuwa na sauti za mama yake ambazo mwili wake uliziitikia kabla ya kichwa, kisha akawahi kurukia kiti cha abiria. Mama Gia akasukuma gia ya kwanza injini ikiwa imezimwa. Akaachia breki ya mkono, akageuza ufunguo. Starta ikalivuta gari zima kwa mikwaruzo, likaruka mara mbili, injini ikashika kwa mngurumo, wakatoka getini hivyohivyo, na mguu wake wa kushoto umepumzika sakafuni.

Madereva wa zamani waliijua hiyo ya kwenda bila klachi. Kamba ya klachi ikikatika porini, hulali porini. Unaipandisha injini, unaachia mafuta, unaisikiliza inavyoshuka, na pale sauti ya injini na mwendo wa matairi vinapokubaliana, gia inaingia kwa vidole viwili. Mama Gia akasikiliza. Injini hii ilikuwa na lugha mpya, ya kukurupuka, na jaribio la kwanza lilitoa mlio wa chuma kikisagwa uliomfanya kinyozi afumbe macho. La pili likaingia laini.

"Umefanyaje?" kinyozi akauliza.

"Hujaiona kwenye video?"

Tuta la kwanza la mtaani lilikwangua tumbo la gari kuanzia mbele mpaka nyuma. Trei zikapiga makofi. Walipofika barabara kuu ilibidi kusimama, na bila klachi injini ikazima, nyuma yao honi zikaanza. Akangoja mwanya, akageuza ufunguo, starta ikawavuta tena, wakaingia. Kwenye taa nyekundu ya kwanza ikawa vilevile. Alijua anaiua. Starta kazi yake ni kuamsha injini, hata mtoto wa gereji anajua haikuumbwa kuvuta gari. Alijua pia kwamba leo anaweza, kesho anaweza, lakini si kila Jumanne na kila Ijumaa. Kulijua hilo kulimzidishia hasira, akakaza usukani mpaka vidole vikauma.

Kwenye taa ya pili, pale juu barabara inapoanza kuteremka kutoka mjini, ufunguo ukageuka na starta ikalia mara moja tu, kakh, ikanyamaza. Akajaribu tena. Kimya.

Taa ikawa ya kijani. Magari yakaanza kuwapita kushoto na kulia, na kila dereva alikuwa na neno la kuwaachia.

"Basi, mama," kinyozi akasema kwa upole, upole ule ule wa dada yake kule ngazini. "Umejaribu. Hamia huku. Mguu wangu unaiweza, acha niendeshe mimi."

"Starta imekufa. Itawaka kwa kusukumwa."

"Ndiyo."

"Ukikaa wewe kwenye usukani, nani atasukuma?"

Kinyozi akatazama mteremko, akatazama goti la mama yake, akatazama viatu vyake vyeupe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hapa mwenye guu bovu alikuwa mkuu mwenyewe, na yule mzima ndiye aliyepaswa kushuka. Akashuka. Akazunguka nyuma, akaegemeza mabega kwenye buti alilolishusha kwa mikono yake, akagundua kwamba gari likiwa chini kiasi hicho, kulisukuma ni lazima uiname kama mtu anayetafuta sarafu.

Mama Gia akatoa gia. Gari likasogea hatua, likasogea tena, mteremko ukalipokea. Mguu wake wa kulia, ule mzima, haukuwa na kazi kwa sasa, kwa hiyo aliuvusha upande wa pili na kuikandamiza klachi ya mashindano hadi sakafuni. Ilikwenda. Akaingiza gia ya pili, akangoja mwendo upate nguvu, akauondoa mguu. Gari likashtuka, likapiga chafya, tabo ikavuta pumzi, injini ikawaka.

Nyuma kinyozi alianguka kwa magoti, akainuka, akakimbia. Alikimbia vizuri mwanzoni. Mama Gia akapandisha injini, akaachia, akasikiliza, akaipitisha gia ya tatu bila mlio wowote, na kwa mara ya kwanza tangu afike akaisikia nguvu aliyoizungumzia mwanawe. Ilikuwa kweli. Gari lilikuwa linakwenda kuliko lilivyowahi kwenda tangu alinunue, na hasira yake ilikuwa bado nzima, haikupungua hata punje.

"Mama!" Sauti ilikuwa inabaki mbali. "Mama, simama!"

Akateremsha kioo, akatoa kichwa kidogo, asiondoe macho barabarani.

"Nikisimama," akajibu, "nitaondoka kwa mguu gani?"