Kifurushi cha Marehemu

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi, na cheo hicho sigawani na mtu.

Mimi ni fundi makochi. Karakana yangu imepakana na sebule ya mama. Binti yangu hulipia kila mwezi filamu, nyimbo na, Mungu amsamehe, sauti ya mvua ya kumbembeleza alale. Mvua! Na bati letu linavuja bure. Mama naye kila mwezi hunipa hela nimnunulie marehemu baba kifurushi cha simu, laini yake isifungwe.

"Mmoja analipia mvua, mwingine analipia kaburi," niliwatania. "Mwenye akili humu ndani nimebaki peke yangu."

"Wewe nunua, mwanangu," mama akasema. "Baba yako hakupenda kukatwa maneno."

Mwezi ule sikununua. Hela nilinunulia gundi. Mama maandishi madogo hayaoni, nikajua siri imelala.

Mchana wa siku iliyofuata, nikiwa na misumari mdomoni, simu yangu ikatetemeka juu ya sponji. *Tafadhali nipigie.* Namba ya baba.

Baba ndiye aliyekuwa bingwa wa ujumbe ule wa bure. Hata akiwa na salio, alikutumia kutoka chumba cha pili, kumbe anataka chai.

Nikatema misumari, nikaingia sebuleni na kicheko cha kuazima. "Nani ananichezea?"

Binti, aliyekuwa akila pale, akasoma, akaacha kutafuna. Tukafungua kabati la mama. Simu ya baba ilikuwa palepale, ndani ya soksi yake, laini ndani, betri hakuna. Betri niliitoa kwa mkono wangu siku ilipovimba, nikaitupa.

Nikaishika. Ilikuwa vuguvugu, kama imetoka sikioni mwa mtu.

Yangu ikatetemeka tena. *Tafadhali nipigie.*

"Mitambo imechanganyikiwa," nikasema.

"Basi piga."

"Piga wewe, unayejua mambo ya kisasa."

"Aliyeombwa ni wewe, baba."

Kidole kikagoma. Mama akaingia kutoka uani, nguo zilizokauka begani. Akatazama kabati lililo wazi, kisha akanitazama mimi.

"Hukununua."

"Mama, sikiliza..."

"Nimekuuliza? Nimesema hukununua."

Aibu ikinibana, huwa nabwata. "Ndiyo, sikununua! Marehemu anaongea na nani, mama? Watu wa simu wanatucheka tu, wanakula hela ya mjane! Leo iwe mwisho. Sinunui tena, hata mnifukuze!"

Binti alikuwa amesogea hadi mlangoni. Mama hakupandisha sauti. Aliipokea ile simu mkononi mwangu, akairudisha ndani ya soksi polepole, kama anayemfunika mtoto.

"Usinunue," akasema. "Akichoka kubipu, atakuja mwenyewe."