Mikebe Saba Ukutani

"Mama Olga, usikunje vidole," Ushindi alisema. "Fungua mukono, tuone bote."

Sidonie akafungua kiganja. Maharage manane yalikuwa yamelala ndani yake, mekundu, ya msimu ule ule, bado yana mng'ao wa ganda. Akayadondosha moja moja katika mkebe wa nyanya uliotundikwa kwenye msumari wa tatu, huku akihesabu kwa sauti. Emery, mwenye mkebe, alikuwa amesimama kwa mguu mmoja tangu la kwanza. La nane lilipolia akashusha mguu.

"Nane! Mumesikia? Nane!"

"Hata kuku ya Mzee Gasore imesikia," Ushindi akamjibu. "Nyamaza, bamupimie Olga."

Msumari wa nne ulikuwa wa Olga. Sidonie akarudisha mkono katika ungo. Vidole vyake vilikuwa vimezoea kuhesabu bila macho. Vikachukua tisa, vikatulia, vikapapasa. Kisha mawili yakateleza yakarudi kimyakimya kati ya wenzao. Akafungua kiganja.

"Saba," alisema, na hakumtazama bintiye.

Mchezo waliopimiwa maharage hayo uliletwa Juru, mtaa wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na Swaib, mfanyabiashara wa Mbarara aliyekuja kila Alhamisi ya soko na gari lake la sabuni na chumvi. Aliucheza shuleni, akaupenda, na siku moja miaka miwili nyuma aliwaachia vijana mpira mmoja uliochakaa akawaonyesha kurusha na kupiga. Kriketi, aliita. Kibao walikichonga kwa mkaratusi. Dumu la manjano lililotoboka likawa nguzo ya kulinda. Uwanja ukawa ua wa Sidonie, kwa sababu ndio pekee uliokuwa sawa: marehemu mumewe, Semahoro, aliusawazisha kwa jembe na maji ili waanikie maharage, akaukanyaga kwa miguu yake mwenyewe siku tatu.

Sheria za Swaib hazikukaa wiki mbili. Kule kwao ukiupiga mpira mbali ni sifa. Juru, mbali ni shamba la mtu. Basi mpira ukiingia katika maharage ya Sidonie, mpigaji ametoka, na anaufuata peku, kwa vidole, asivunje shina. Ukigonga bati la Gasore, jirani, umetoka na unamchotea maji. Ukidunda mara moja na mtu akaudaka kwa mkono mmoja, umetoka. Mpira wa kwanza ni wa salamu: hata dumu likianguka, hujatoka, kwa maana mgeni hafukuzwi mlangoni. Kila sheria ilizaliwa na ugomvi, na ugomvi mkubwa kuliko yote ulikuwa juu ya nani anajua kuliko nani.

Ushindi ndiye aliyesema siku ile, "Mama Olga, wewe unapimiaka batu mahindi na habapigane. Tupimie na siye."

Kweli Sidonie alikuwa mpimaji. Siku za mgao wa chakula alisimama nyuma ya turubai lenye mlima wa mahindi, kopo mkononi, kijiti mkono wa pili. Unachota, unapangusa juu kwa kijiti mpaka kopo liwe mfuto, sawa na ukingo, unamwaga guniani. Watu elfu wanaangalia mkono wako. Akawapimia na mchezo vivyo hivyo: wachezaji saba, mikebe saba ukutani, maharage yasiyozidi kumi kwa siku, kadiri mtu alivyocheza. Kinachoingia mkebeni hakitoki.

Alhamisi hiyo ilikuwa ya mwisho kati ya tano za kuchagua timu ya kwenda Mbarara. Swaib alikuwa ameegemea mlango wa gari lake, miguu haitulii.

"Nyabo, mama, niambie ile sita," alisema. "Gari yangu iko na nafasi ya watu sita tu. Kesho kutwa asubuhi nakuja chukua wao. Dada yangu Hafswah iko nangoja huko Kakiika na timu yake. Na amesema wawili yenye watamupendeza, watabaki na yeye msimu mzima. Watalala kwa shangazi Mastulah. Watakula."

Mikebe ikamwagwa, ikahesabiwa. Watano walikuwa mbele bila shaka. Nafasi ya sita: Emery, arobaini. Olga, thelathini na tisa.

Emery akarusha kibao juu. Watu wakampiga mgongoni. Olga alikuwa na miaka ishirini. Aliletwa kambini mgongoni mwa mama yake, mwaka ule wa vita ya tisini na sita, na tangu hapo hakuwahi kulala nje ya Nakivale hata mara moja. Alichukua mkebe wake, akaenda jikoni, akamimina yote thelathini na tisa katika chungu cha maji. Sidonie akamfuata.

"Leo nimedaka tatu, mukono mumoja," Olga alisema, akipuliza moto. "Emery amedaka moja. Nimemutoa Ushindi mara mbili. Ulinipa saba."

"Niliona saba."

"Uliona tisa, Mama. Niliona vidole vyako." Akageuza uso kwa sababu ya moshi, au si kwa sababu ya moshi. "Ju ya nini? Unaogopa batu? Ao hautaki niende?"

Sidonie akasema chumvi imekwisha, akatoka kwenda kuazima chumvi, na nyumbani ilikuwepo.

Ijumaa ilikuwa siku ya mgao. Alichota tangu asubuhi, mabega yakipanda na kushuka, vumbi la mahindi likizitia kope zake weupe. Saa sita Olga akafika mbele ya turubai na gunia na kadi ya nyumba yao. Nyuma yake alisimama Gasore, kofia ya sufu kichwani hata katika jua lile.

Sidonie akachota. Akapangusa. Kopo likawa mfuto. Na pale pale, kabla hajamwaga, kijiti kikarudi chenyewe, kikapita mara ya pili kwa kuzama, kikang'oa kiasi cha konzi moja katikati. Mahindi yakarudi mlimani. Akaliona kopo kana kwamba limeshikwa na mtu mwingine: lilikuwa na bonde. Akatambua kwamba amekuwa akifanya hivyo kila mgao.

Olga alishika mdomo wa gunia wazi.

"Wewe, Mama Olga," Gasore alisema kutoka nyuma. "Ule mutoto wako unamupimia shimo."

Sidonie akamgeukia. "Wewe ndiyo unasema vile? Wewe? Haukusema, hapa hapa, batu bote banasikia, kama ndugu zangu banapata mulima na bengine banapata bonde?"

Mzee akakunja uso, akitafuta. "Siku gani?"

"Mwezi wa kwanza nilianza kupima!"

"Eh! Miaka saba ile!" Akacheka, meno mawili juu, moja chini. "Nilikuwa na njaa, mama. Mutu wa njaa anasemaka mingi. Na wewe ukaibeba mpaka leo? Pima, tuko nangoja."

Mstari ukacheka. Sidonie akachota upya, akapangusa mara moja tu. Mahindi mengine yakamwagika pembeni ya gunia.

Jioni hakukaa. Alifagia ua uliokuwa umefagiwa. Aliingia shambani kupalilia, akashtuka ameng'oa mashina manne ya maharage na kuyaacha magugu. Aliosha mikebe saba, akaitundika, akaitundua. Haragwe moja alijua alilitoa kwa ajili ya nini; ulimi wa watu ulikuwa umelitoa. La pili ndilo lililomzungusha ua mzima. Kila alipolikaribia katika mawazo, alimwona Olga amekaa nyuma ya gari la Swaib, na ua mtupu, na yeye na chungu cha watu wawili. Akaenda kufagia tena.

Jumamosi, jua halijapanda juu ya uzio wa miti ya miyenzi, akawaita wote. Walikuja na nguo zao nzuri. Emery alikuwa amepiga viatu maji na sabuni.

"Nilipima mubaya," Sidonie alisema. Hakuzunguka. "Siku ya ine, ile ya soko, Olga alikuwa na tisa. Nikamupa saba. Na zile siku za nyuma pia nilimupunguzaka. Ni mutoto wangu, njo maana."

Kuku wakaparura. 

"Sasa mimi naingia namna gani mule?" Emery akauliza. Sauti ilikuwa imepanda. "Zangu zilikuwa za bongo, za kudanganya?"

"Zako zilikuwa za kweli."

"Basi! Kinaingia hakitoki. Ni sheria yetu."

"Hakitoki," Olga alisema, "lakini hakukuwa sheria ya kile hakikuingia."

"Unaona? Unaona sasa? Ni kwao! Uwanja ni yao, mikebe ni yao, na mama ni yao!"

Hapo Sidonie alitamani ardhi imfiche, kwa maana hilo ndilo neno lenyewe alilolikimbia miaka saba, na sasa limemfikia nyumbani kwake, na mwenye kulisema ana haki. Wakabishana mpaka vumbi likatimka. Mmoja alisema waandike kura. Mwingine alisema Swaib aongeze nafasi, wakamzomea, kwani gari halinenepi. Mwisho Gasore akapita katika upenyo wa ua wake, mswaki mdomoni.

"Munapiga kelele kama batu habana mupira," alisema. "Olga arushe sita. Emery apige. Akitoka, Olga anaenda. Hakutoka, Emery anaenda. Mimi nitasema. Mutoto hapa sina."

Wakakubali. Emery akashika kibao, lakini akamnyoshea Sidonie kidole.

"Yeye asitazame. Macho yake na yenyewe inapimaka."

Sidonie akageuka akaelekea ukuta wa nyumba. Pua yake ilikuwa karibu na udongo, akaona vipande vya nyasi alivyovikanda humo na Semahoro. Nyuma yake Emery akauliza kama mpira wa salamu unahesabiwa katika sita au uko pembeni. Wakashindana tena. "Salamu na yenyewe ni mupira," Ushindi akaamua, na ikawa sheria.

Akasikia miguu ya Olga ikikimbia, hatua tano. Mpira ukadunda. Dumu likalia, bwaa, likaanguka.

"Salamu!" wote wakapiga kelele.

"Salamu," Gasore akathibitisha, na Sidonie akauma mdomo. Ule ndio uliokuwa mzuri. Umepita bure.

Wa pili, kibao kiliupata katikati. Mlio safi, miguu ya Emery ikaenda na kurudi. Wa tatu, kimya, na mtu akaguna. Wa nne ulitoa sauti ndogo kando ya kibao, miguu mingi ikakimbia, mkono ukapiga vumbi: "Mara mbili! Umedunda mara mbili!" Wa tano hakuuelewa kabisa. Alikwaruza ukuta kwa kucha bila kujua, udongo ukaingia chini ya kucha. Geuka, mwili ulimwambia. Hakugeuka. Hakujua tena anaomba nini: dumu lianguke, au lisimame.

Mbali, upande wa barabara, honi ya Swaib ikalia mara mbili.

Hatua tano. Safari hii zilikuwa za polepole. Mpira ukadunda, ukawa kana kwamba umepotea hewani, kisha dumu likagongwa, si kwa nguvu, likayumba muda mrefu kabla ya kulala.



"Ametoka," Gasore alisema.

Sidonie alipogeuka, Emery alikuwa ameshaweka kibao chini. Hakubisha, kwani katika ua ule aliyetoka huondoka mbele ya dumu. Olga alipita mbele ya mama yake, ndala mkononi, kifurushi cha kitenge begani. Akasimama.

"Vidole vyako vilichukua ngapi ya kwanza?"

"Tisa."

Olga akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyerudishiwa kitu akakiangalia kama ni kizima. "Nitatuma habari kwa mukono ya Swaib," alisema, na akakimbia. Wenzake watano wakamfuata wakiimba. Gari likanguruma, vumbi likapanda juu ya miyenzi, likashuka.

Gasore akarudi kwake. Ua ukawa mkubwa. Emery alikuwa bado yupo, amekaa juu ya tofali, viatu vyake visafi vimeshika vumbi.  Sidonie akaingia ndani, akatoka na mihogo miwili ya kuchemsha katika sahani. Emery akala mmoja, akaurudisha wa pili.

"Kwa kweli," alisema akiwa bado anatafuna, "ule wa mwisho sikuuona."

"Na mimi sikuuona."

Emery akacheka, hakutaka kucheka. Kisha akainuka, akasimamisha dumu la manjano, akaliegemeza vizuri kwa jiwe. Akaokota kibao. Akauviringisha mpira kwa mguu mpaka ukafika kwenye vidole vya Sidonie.

"Mama Olga, unitupie."

"Mimi? Sijawahi kuugusa hata siku moja."

"Najua. Tupa."

Akainama akauokota. Ulikuwa na joto, mzito kuliko alivyofikiri, umekwaruzika upande mmoja tu. Akarudi nyuma hatua tano, akihesabu kwa midomo. Akakaza kitenge kiunoni. Emery alikuwa ameinama mbele ya dumu, anangoja. Sidonie akapeleka mkono nyuma, mbali, mpaka bega likalia.