Kiti cha Mbele cha Mama Anaeli

Siku alipoliingiza gari lake uani kwa mara ya kwanza, mzee Aminiel hakuwa na jeki, hakuwa na redio ndani ya gari hilo, wala banda la kulilaza. Hakuwa na mtoto wa kulishangilia, maana binti yake wa pekee, Anaeli, alikuwa mwalimu huko Babati. Hakuwa na mtu wa kupiga kelele, "Taratibu, Baba Anaeli, utaniulia kuku!" Kuku wenyewe alikwisha kuwauza kwa kukosa wa kuwafungia. Tena hakuwa na wa kumlaumu kwa hayo yote, na kwa mtu mwenye majivuno huo ndio upungufu mkubwa kuliko wote.

Gari lilikuwa jeupe, la dizeli, lenye mgongo mrefu wa kubebea mizigo, limetumika Japani kabla ya kufika Arusha. Halikuwa la kujionyesha. Aminiel alikuwa fundi wa cherehani Daraja Mbili, na miaka yote alishuka kwa miguu kutoka kijijini kwake Akheri hadi Tengeru, kisha akapanda basi kwenda mjini. Magoti yalipoanza kulalamika, alifanya kile alichokifanya kila alipopata shida: alisoma. Ujanani alisoma Kiingereza kwenye madarasa ya jioni. Uzeeni akasoma habari za injini, mpaka akajua kwa nini dizeli haihitaji plagi za kutoa cheche. Akajiandikisha shule ya udereva pamoja na vijana wa umri wa wajukuu, akafaulu, na picha ya leseni akapiga akiwa amefunga tai.

Iqbal, aliyemuuzia gari, alimpa wosia mmoja tu.

"Mzee wangu, asubuhi za huko kwenu mlimani ni baridi. Ukigeuza ufunguo utaona taa ndogo ya njano. Usiwashe hapo hapo. Ngoja izime kwanza. Petroli ni kijana, lakini dizeli ni mzee mwenzako, haamshwi kwa kushtuliwa."

"Na nikimshtua?"

"Atakukoholea moshi mbele ya majirani."

Wiki ile ya kwanza Aminiel alilipenda gari kuliko alivyotarajia. Lilipanda njia ya matope bila papara, kama ng'ombe aliyezoea jembe. Mafuta lilionja tu. Lilinguruma sana, kweli, hata majirani wakawa wanasema, "Huyo kaamka," kabla hawajaliona. Lakini alifika kazini shati likiwa bado na mstari wa pasi. Tatizo lilikuwa moja: alitamani kumwambia mtu hayo yote. Zamani, njiani, alibishana na wauza mkaa, akawasahihisha vijana kuhusu siasa, akawakemea makondakta. Sasa alipita na kioo kimefungwa, na watu wakampungia mkono kama wanavyompungia mtu anayesafiri mbali. Akaanza kuongea na gari. "Unaona? Wanatupisha," alisema. Gari likanguruma tu.

Jumatano, siku ya soko Tengeru, alimkuta Namnyaki kando ya njia na madumu yake ya maziwa. Namnyaki alikuwa mjane wa marehemu kaka yake, shamba lake limepakana na la Aminiel, na ulimi wake haukuwa na breki.

"Shemeji! Hiyo ni gari au mashine ya kusaga?"

"Panda, acha maneno."

"Nauli je?"

"Nauli yako ni kunyamaza."

"Basi nimeshindwa, acha nitembee." Lakini alikuwa amekwisha kufungua mlango wa nyuma na kuanza kupakia madumu.

Aminiel alimtazama kwa kioo. Tangu Jumatatu alikuwa amewapa lifti mzee wa kanisa, mwalimu mmoja na wauguzi wawili, na wote, kwa namna ile ile ya adabu, walikaa nyuma.

"Njoo mbele, shemeji. Mnanifanya dereva wa askofu."

"Mbele pana mwenyewe."

"Mwenyewe yuko Babati."

"Kwenda Babati ndiko kufa? Mimi nikikaa hapo, kabla hatujafika lami Akheri nzima itakuwa imeshaniozesha kwako. Na uzee huu, shemeji, unioe uniweke wapi?"

Aminiel alicheka. Kisha kicheko kikamwishia mdomoni.

Mkewe, Mama Anaeli, alikwenda Babati mwaka uliopita, binti yao alipojifungua. Ndivyo mama afanyavyo: huenda kumpikia mzazi, kumkanda, kumshikia mtoto, kisha hurudi kwake. Lakini miezi ya desturi ilipita, ikapita na mingine. Katika simu aliuliza habari za migomba na mvua, halafu akampa mtoto simu apumulie. Aminiel alipomwambia kwamba amenunua gari, alijibu, "Hongera, Baba Anaeli," kama anampongeza mtu aliyemsikia redioni. Hapo ndipo moyo ulipomshuka. Magoti yalikuwa sababu ya kuwaambia watu. Gari alilinunua ili mkewe alisikie, arudi.

Walifika kwenye kijito. Gurudumu la nyuma liliteleza kidogo, naye akapunguza gia.

"Hapa ndipo alipoanguka," alisema Namnyaki.

"Nani?"

"Mkeo. Siku ile ya kuondoka. Mvua inanyesha, mkungu wa ndizi kichwani, begi mkononi. Mimi ndiye niliyemwokotea ndizi. Nikamuuliza, shemeji yuko wapi asikusindikize? Akaniambia, anasoma gazeti."

Aminiel alilikumbuka gazeti lile. Alikuwa amekasirika kwamba anaachwa peke yake na jiko, na mkewe alipoaga hakuinua macho. Akheri, hata aliyekuja kuomba chumvi husindikizwa mpaka njia panda. Hata mkwe usiyempenda.

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema, akitaka kujua nilifikaje barabarani, ataniuliza mwenyewe." Namnyaki aliinama mbele. "Ulimuuliza?"

Aminiel alibadilisha gia. Tengeru alimshushia madumu, akaondoka bila kusikia asante yake.

Asubuhi iliyofuata wingu lilikuwa limeufunika Meru mpaka mabegani. Alikwenda na kisu mpakani, penye mstari wa masale unaotenganisha shamba lake na la Namnyaki. Sale ni jani la mpaka, na ni jani la msamaha pia: anayekuletea sale lililofungwa fundo, hata awe amekukosea vipi, humfukuzi kabla ya kumsikiliza. Wazee walipelekeana kwa ugomvi wa ardhi na wa damu. Mume kumpelekea mkewe, Aminiel hakuwahi kusikia. Alitazama kushoto na kulia kama mwizi wa ndizi. Ng'ambo ya mstari Namnyaki alikuwa akikamua. Alimwona na kisu, akamwona na jani. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakusema neno. Aligeuza uso, akaendelea kukamua.

Simu haibebi jani. Kwa hiyo alipofika kazini aliandika barua, katikati ya vyerehani. Ya kwanza ilijaa sifa za gari, akaichana. Ya pili ilikuwa fupi:

"Mama Anaeli, siku uliyoondoka sikukusindikiza. Ulianguka kijitoni nami sikujua, kwa kuwa sikuwepo mahali nilipopaswa kuwa. Gari sikulinunua kwa ajili ya magoti. Kiti cha mbele hakuna aliyekikalia. Ukisema nije, nitakuja mpaka mlangoni na begi nitabeba mwenyewe. Ukisema bado, nitangoja. Jani hili unalijua. Mimi, Aminiel."

Alikwenda kituo cha mabasi, barua na sale vikiwa kwenye bahasha ya kaki iliyo wazi, juu ya kiti cha mbele. Aliegesha, injini ikaendelea kunguruma. Alisoma barua tena, akitafuta mahali pa kupunguza. Hakupunguza. Akaongeza neno moja chini, "Nisamehe," akalamba gundi chungu ya bahasha, akaikandamiza kwa kidole gumba kama anavyokandamiza pindo la nguo.

Karani wa mizigo wa basi la Babati, mtu mzima mwenye mvi, aliipokea akitabasamu.

"Shikamoo, mzee. Nene hivi, ni hati ya shamba?"

"Marahaba. Hapana. Fikisha tu."

Karani aliipapasa bahasha, vidole vikakuta fundo. Tabasamu likamtoka. Hakuitia kwenye sanduku la vifurushi. Aliiweka mfukoni mwa shati, akafunga kifungo, akapanda basi.