Macho ya Kuazima

Binti mmoja, fundi cherehani, alikwenda kwa wifi yake kijijini kumchukua baba yake. Macho ya mzee yalikuwa yakififia mwaka hadi mwaka, na sasa daktari alikuwa amesema waziwazi kwamba hayatarudi. Mjini, kwenye vyumba vyake viwili juu ya duka la vyuma, binti alikuwa ameshamtandikia kitanda.

Asubuhi baada ya kufika kijijini alimkuta baba barazani, ameelekeza uso bondeni kama mtu anayetazama.

"Umeamka, Kifungo?" baba akauliza. Alimwita hivyo tangu utotoni, kwa vile alikuwa mdogo na wa mviringo. "Hebu kaa hapa uniazime macho. Kuna nini leo?"

Akakaa. Mwanzoni hakujua aanzie wapi.

"Ukungu umelala bondeni," alisema. "Umeacha vilele vya miti tu. Mto hauonekani."

"Utaonekana sasa hivi. Endelea."

"Wifi anapalilia mahindi. Moshi wa jikoni unapanda wima, hakuna upepo. Mbuzi mweupe amekata kamba, yuko kwenye maharage."

"Mwache ale kidogo, halafu ndiyo umwite wifi yako. Jua limefika wapi?"

"Limegusa paa la jirani. Sasa linashuka mteremkoni, majani yana..." Akaliangalia bonde upya. Miaka yote ile mjini, kila alipoinua kichwa kutoka kwenye cherehani, aliona ukuta wa nyumba ya pili na bomba la maji machafu. Hakujua ana kiu ya bonde lile mpaka alipolitamka kwa mdomo wake.

Hawakuondoka barazani siku ile. Walikunywa chai bila haraka, baba akiuliza, yeye akijibu, hata mambo ya kuku.

Jioni akaanza kukunja mashati ya baba yake na kuyatia kwenye begi. Mzee akasikia zipu.

"Huko kwako kuna dirisha?"

"Lipo, baba."

"Nikikaa hapo dirishani utanisimulia nini?"

Angeweza kumdanganya, lakini ulimi ulikataa. "Ukuta, baba."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Mwanangu, si kwamba nakupuuza. Hapa najua kila kitu kilipo. Hata mvua ikianza kule mlimani, naisikia harufu yake. Ukinipeleka kule ndipo nitakuwa kipofu kweli."

Binti akayatoa mashati, akayatundika moja moja.

"Nitakuwa namsimulia mimi," wifi yake akasema kutoka mlangoni.

"Wewe?" mzee akadakia. "Jana nimekuuliza kuna nini, ukaniambia kuna mlima."

"Kwani haupo?"

Wote wakacheka, na binti akacheka huku akijifuta macho kwa kanga.

Kesho yake aliondoka peke yake, akashuka njia ya mahindi hadi barabarani. Gari lilipokuwa linakuja aligeuka. Baba alikuwa amesimama barazani akipunga mkono, ila aliupungia ule upande wa njia ambako yeye alikuwa ameshapita. Alitaka kumwita, amwambie yuko huku. Badala yake alisimama akaitazama nyumba, kisha mahindi, kisha mlima, taratibu, kana kwamba kuna mtu atakayemuuliza, mpaka dereva akampigia honi.