Moyo wa Kuazima

Nilifanya kazi ya ukaguzi wa mizani na vipimo tangu ujana wangu hadi nilipostaafu. Nimemkamata muuza nyama aliyebandika kipande cha risasi chini ya sahani ya mizani, na muuza mafuta aliyeujaza nta mkebe wake wa kupimia, na wote niliwatazama kwa jicho moja, la mtu aliyekanyaga kitu kibaya akiwa pekupeku. Sikudhani kwamba siku moja ningelitumia jicho hilo kumtazama mwanangu wa kumzaa.

Mwanangu ni dereva wa basi la masafa marefu, zamu ya usiku. Hulala mchana na kuondoka jioni. Kampuni yake iliwagawia madereva kidude cha duara, kikubwa kidogo kuliko kifungo cha koti, ambacho hubandikwa kifuani kwa gundi kabla ya kulala. Kazi yake ni kusikiliza. Hunasa sauti ya moyo na pumzi za aliyelala, zikaenda kwenye simu, na simu ikazifikisha kwa daktari wa kampuni. Dereva ambaye moyo wake hautulii usingizini hapewi gari. Nilikisifu sana kidude hicho. Nilisema hatimaye kimepatikana kipimo kisichohongeka.

Basi mchana mmoja, tukiwa mezani, mwanangu aliweka kijiko chini.

"Baba, moyo wangu siku hizi unarukaruka. Nikilala unakimbia, unanyamaza, halafu unakimbia tena."

"Hilo ndilo wanalolitafuta. Kibandike, wakusikie, utibiwe."

"Wakinisikia leo, kesho niko benchi."

Mkwe wangu, ambaye hadi siku hiyo nilimhesabu kama binti yangu, akadakia huku akinimiminia maji. "Lakini wewe baba, moyo wako si tunaujua? Hospitali walisema ni wa kijana. Ungelala nacho mchana wa leo tu, na yeye apate nafasi ya kupumzika."

"Mnataka kuniazima moyo?"

"Si figo, baba," mwanangu akasema, akacheka na tonge mdomoni. "Utabaki nao mwenyewe."

Nilisukuma sahani yangu. "Na abiria wako? Wao wataendeshwa na moyo wa nani?"

"Abiria wanalala, baba. Hata sura yangu hawaijui."

Alilisema jambo hilo kwa wepesi, akichokoa jino. Nikamwambia kwamba nyumba hii haijawahi kuuza kipimo cha uongo, na kwamba asirudie maneno hayo mbele yangu. Akainamisha kichwa. Nikadhani ameelewa.

Nilikuwa na kikohozi. Nilipokwenda chumbani kujinyoosha, mkwe wangu alinifuata na chupa ya dawa. Akaninywesha kijiko kimoja, kisha kingine.

"Mbona viwili leo?"

"Kimekukaa mno hicho kikohozi, baba. Lala, nitafunga mlango watoto wasikusumbue."

Nikamshukuru. Ndiyo, nilimshukuru.

Nilipozinduka, ulimi wangu ulikuwa mzito na mtamu wa dawa, na kifua kilinichonyota. Nikajipapasa. Vifungo vya shati langu vilikuwa vimepishana matundu, jambo ambalo halijanitokea tangu nilipofundishwa kuvaa. Nikafungua. Katikati ya mvi za kifua changu kilikaa kile kidude, kimelowa jasho, kina joto kana kwamba kina uhai, gundi imevujia pembeni na kunasa nywele. Kilikuwa kama kupe aliyeshiba. Kwenye kigoda kando ya kitanda kulikuwa na simu ya mwanangu.

Sikuchukizwa na gundi peke yake. Niliwaona akilini, watu wazima wawili wamemwinamia mzee waliyemlewesha kwa dawa, wamezuia pumzi, wanamfungua vifungo kimoja kimoja kama wezi wanaompekua maiti.

Simu ikalia. Nikaichukua.

"Dereva, leo umenifurahisha!" Ilikuwa sauti ya mwanamke mchangamfu. "Daktari wako hapa. Moyo umetulia kama maji mtungini. Nimewaambia wakupe gari, abiria wameshaanza kupakia mizigo. Ila kaka, unakoroma! Lori la mawe lina nafuu."

Aliposifu ule moyo, kitu ndani yangu kilijinyoosha kwa raha. Raha hiyo ilinichefua kuliko yote yaliyotangulia. Maisha yangu yote nimesema kwamba mimi sikoromi.

"Daktari," nikasema, "aliyekoroma ni mimi. Mimi ni baba yake."

"Samahani? Sijakusikia vizuri, mzee."

"Moyo uliousikia ni wangu. Wa dereva hujausikia bado, na mwenyewe ananiambia unakimbia na kunyamaza. Usimpe gari."

Kisha sauti ikarudi, na uchangamfu wote umekwisha. "Gari nampa mwenzake sasa hivi. Yeye asije kazini mpaka nimwone. Na akivae mwenyewe, alale nacho sasa, nisikie kuna nini. Asante, mzee."

Nilipogeuka, mwanangu alikuwa mlangoni ndani ya sare yake, ananukia sabuni. Mkewe alikuwa nyuma yake.

"Umefurahi?" akaniuliza. "Umeninyang'anya kazi kwa simu yangu mwenyewe!"

"Aliyenifungua shati ni wewe au ni mkeo?"

Mkwe wangu akaanza kulia. "Tulikuwa tunakuhangaikia wewe pia, baba. Unakula wapi asipofanya kazi?"

"Toka," nikamwambia. "Machozi yako yananukia dawa ya kikohozi."

Akatoka. Nikakibandua kile kidude. Kiling'oka na nywele na kipande cha ngozi, na sikupiga kelele. Nikamkabidhi mwanangu.

"Vua sare. Lala hapa."

"Kitandani kwako?"

"Daktari anasubiri. Lala."

Alijilaza. Alipofungua shati niliona kifua chake kikitikisika upande wa kushoto, pale juu juu, kama kuku aliyefungwa ndani ya kikapu. Sikuwa nimekiona kifua hicho tangu alipokuwa wa kuogeshwa. Hofu ilinishika, lakini haikuufukuza uchafu niliouhisi. Vyote viwili vilikaa pamoja ndani yangu, wala sikuweza kumpa hata neno moja la upole. Nikavuta kiti, nikakaa kumlinda asije akakibandua.

Muda ukapita. Alifumba macho, akafumbua, akajigeuza, akarudi.

"Kinasema bado sijalala," akanong'ona akiitazama simu.

"Basi lala."

"Nitalalaje, baba, na wewe unanitazama hivyo?"

Nilijaribu kuulainisha uso wangu. Sikuweza, ni uso niliouvaa miaka mingi mbele ya watu wa aina yake. Nikasimama, nikakigeuza kiti, nikakaa nikiutazama ukuta.

"Sasa sikutazami," nikasema. "Lala, mwanangu."